Meno Manne ya Mbele

Mlango wa kivuko ulikuwa umeshaanza kupanda, maji yanachuruzika kingoni, Åshild alipolipenyeza gari ndani. Gari liliruka ule ukingo wa chuma na kutua kwa kishindo. Mfanyakazi wa kivuko mwenye koti la njano akaja mbio, akagonga paa kwa kiganja.

"We mama una wazimu? Siku moja nitakuacha uelee humo!"

"Na mimi siku moja nitakuletea saa inayotembea!" Åshild akamjibu kupitia dirishani. "Nina mgonjwa hapa."

"Mgonjwa gani? Gudveig? Mbona mzima huyo?"

Gari lilipotua, kitu ndani ya mgongo wa Gudveig, chini kidogo ya mabega, kilikuwa kimelia kama kijiti kikavu kinachovunjwa kuwashia jiko. Alikaa amebana pumzi, mikono juu ya mapaja, anangoja maumivu yaamue kama yanakuja au yanapita. Yakaja.

"Umeumia?" Åshild akamuuliza.

"Si kitu."

Kisiwani kwao, pwani ya kaskazini ya Norwe, "si kitu" ni jibu la mambo mengi. Mtu kakatwa kidole na mashine, si kitu. Dhoruba imeondoka na paa, si kitu, paa lenyewe lilikuwa bovu. Anayelalamika anaonekana anataka kuhudumiwa, na anayetaka kuhudumiwa anawachosha wenzake. Gudveig alilelewa hivyo, akaja kuwa hodari kuliko hata waliomlea.

Alikuwa na miaka sitini na mbili. Tangu ujana alisimama kiwandani akisafisha matumbo ya samoni, miguu ndani ya buti za mpira, maji baridi yanapita chini. Mumewe Torleif alikufa zamani, akamwachia nyumba, boti iliyooza na dada mtu, ndiye huyu Åshild, wifi mwenye mdomo usiopumzika. Gudveig alivuta sigara za kusokota mpaka alipofika hamsini, na meno yake yalilipa. Fizi zilianza kutoka damu, kisha zikarudi nyuma kama maji ya pwani yanapokupwa, zikaacha mizizi wazi. Sasa meno manne ya mbele, ya juu, yalicheza kila aliposema neno lenye f.

Mtu mwingine angeyang'oa akavaa ya bandia. Kisiwani watu wengi wameyang'oa na wanakula vizuri. Lakini Gudveig alipiga tarumbeta. Katika bendi ya kisiwa yeye ndiye aliyekuwa tarumbeta la kwanza, na kila tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya taifa, watoto wanapoandamana na bendera, bendi husimama kwenye jiwe la mabaharia waliokufa vitani, wengine wote hunyamaza, na Gudveig hupiga peke yake. Wanaume ambao hawakulia walipozika mama zao huvua kofia na kutazama chini. Kazini alikuwa mtu wa matumbo ya samaki. Pale kwenye jiwe alikuwa mtu. Na tarumbeta huegemea meno ya mbele. Midomo bila meno nyuma yake haitoi sauti yoyote zaidi ya ile ya kuaibisha.

Ndiyo maana walikuwa njiani kwenda mjini kwa mpasuaji wa fizi.

Åshild alipanda ghorofani akarudi na kahawa na zile chapati nene za kivukoni zenye siagi na sukari. Akamkatia Gudveig vipande vidogo kama vya mtoto.

"Kula, wifi. Kesho utaanza kunywa supu kwa mrija."

"Sina njaa."

"Usinitanie. Tangu lini mtu wa kiwandani hana njaa?" Akamtazama vizuri. "Mbona umekaa kama umemeza ufagio?"

"Mgongo tu. Ule ule wa tangu Krismasi."

"Ulimwonyesha daktari?"

"Nilimwonyesha. Alinipa vidonge na karatasi yenye picha za mazoezi."

"Daktari yupi?"

"Ntajuaje? Yule wa wiki zile."

Wakacheka wote wawili, Gudveig kwa uangalifu. Daktari wa kisiwa aliyekuwa wa kudumu aliondoka miaka mingi nyuma. Tangu hapo walikuja madaktari wa kushikiza, wiki mbili huyu, wiki mbili yule, wanalala kwenye nyumba ya manispaa nyuma ya duka na kuondoka kabla hawajajua duka linafunguliwa saa ngapi. Watu waliwaita kwa nguo zao. Kulikuwa na Koti Jekundu, kulikuwa na Miwani Miwili, na kulikuwa na Ndara, kijana wa Kidenmaki aliyevaa ndara kwenye theluji.

Ndara ndiye aliyeivuruga habari yote, ingawa hakuwa mtu mbaya. Miaka mitatu kabla, Gudveig aliteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mkono, na picha ikaonyesha kwamba mifupa yake imekuwa myepesi kama biskuti. Akaanzishiwa sindano ya kushikilia mifupa, moja kila nusu mwaka, tumboni. Kisha mpasuaji wa fizi, walipoonana mara ya kwanza, akamwambia wazi: meno yanaokoleka, ila lazima afunue fizi na kukwangua mpaka kwenye mfupa wa taya, na kwa mtu anayechomwa sindano ile, taya likiguswa linaweza kukataa kupona. Linaweza hata kufa likiwa kinywani.

"Zungumza na daktari wako kuhusu hiyo sindano," alisema. "Mambo ya mifupa ya mwili si yangu."

Gudveig akazungumza na daktari wake, ambaye wiki ile alikuwa Ndara. Ndara akakuna kidevu.

"Ruka moja," akasema. "Halafu mpasuaji akishamaliza tunaendelea."

Gudveig aliona ni jambo la akili. Alikuwa akipaka rangi nyumba yake ya mbao kila mwaka tangu alipoolewa, na alijua kwamba ukiruka mwaka mmoja nyumba haianguki. Mwaka unaofuata unapaka mara mbili, basi. Ndivyo alivyoifikiria mifupa. Hakuna aliyemwambia kwamba sindano ile si rangi. Ukiiacha ghafla bila dawa nyingine, mifupa hulipiza, huliwa kwa kasi kuliko kabla hujaianza. Ndara akaondoka na kivuko cha Ijumaa. Akaja Koti Jekundu, akatazama kompyuta, akaona sindano imesimamishwa, akaiacha imesimama. Akaja mwingine, naye hivyo. Zamu ya upasuaji ikasogezwa mbele mara mbili. Sasa ilikuwa Machi, na sindano ya mwisho ilikuwa ya Machi iliyopita.

Kivuko kilipofika bara, gari likashuka, na mlio ule wa kijiti haukurudi. Gudveig akapata moyo. Njia nzima alijishika kwenye mkanda wa gari kwa mikono miwili, na kila penye shimo alijiinua kidogo kutoka kwenye kiti.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu, na mapokezini alikaa mwanamke aitwaye Turi, nywele zimekatwa kama kofia ya chuma. Hakuinua macho.

"Mmechelewa dakika ishirini. Ukichelewa robo saa nafasi inapewa mwingine."

"Tumekuja na kivuko cha kwanza, dada," Åshild akasema. "Hakuna kingine kabla yake. Au tungeogelea?"

"Mngekuja jana mkalala."

"Mwenzangu jana alikuwa kazini anasafisha samaki, hao hao unaokula wewe Ijumaa."

"Mimi sili samaki."

"Ndiyo maana una sura hiyo."

"Åshild!" Gudveig akamvuta mkono. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Samahani sana. Tutasubiri. Kama hakuna nafasi, si kitu, tutarudi siku nyingine."

Turi akatazama kompyuta kwa muda mrefu, kama mtu anayefurahia kusubiriwa. "Daktari anaweza kukuchukua kabla ya chakula cha mchana. Kama atapenda. Kaeni pale."

Viti vilikuwa vya mbao, vya kupendeza macho na kuadhibu mgongo. Gudveig aliona nafuu kusimama, akasimama karibu na dirisha, mkono mmoja ukutani.

"Mwambie daktari kuhusu huo mgongo," Åshild akanong'ona.

"Nimwambie daktari wa meno habari za mgongo?"

"Ana masikio, si ana?"

"Nikimwambia ataahirisha. Ataandika barua kwa daktari wa kisiwani, daktari wa kisiwani ataandika barua kwake, na Mei itapita. Na Mei nyingine itapita. Meno haya hayana Mei mbili."

"Wifi, wewe na hilo jiwe lenu..."

"Torleif ana babu zake wawili kwenye hilo jiwe."

"Nami pia ni babu zangu, hao hao! Wamekufa. Hawatakudai."

Gudveig akageukia dirisha. Nje mtu alikuwa anamwaga changarawe juu ya barafu.

Daktari Falkanger alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikavu yenye joto. Alipenda kazi yake, na alipenda kuieleza.

"Sindano ya mifupa ya mwisho ilikuwa lini?"

"Machi. Ya mwaka jana."

"Mwaka mzima!" Uso ukamng'aa. "Safi sana. Umenifungulia njia, Gudveig. Natamani wote wangekuwa wasikivu hivi. Kuna jambo jingine lolote ninalopaswa kujua?"

Gudveig akamtazama. Mlango ulikuwa wazi hapo, jambo lenyewe liko ulimini. Lakini swali lilikuwa la daktari wa meno, na yeye alikuwa na jibu lake tayari tangu utotoni.

"Hapana. Mengine si kitu."

"Vizuri. Basi tunakubaliana hivi. Ukisikia maumivu, inua mkono wa kushoto, nami nitaacha mara moja, nitaongeza ganzi. Wewe ndiye bosi."

Msaidizi wake, msichana mnene mwenye sauti ya chini aitwaye Embla, akamfunga kitambaa kifuani na kubonyeza kidude. Kiti kikalala. Kikazidi kulala mpaka kichwa kikawa chini kuliko magoti, na uzito wote wa Gudveig ukaja juu ya mahali pale chini ya mabega.

Ganzi iliingia kwenye ufizi, mdomo wa juu ukawa si wake. Falkanger akakata kwa kisu kidogo kandokando ya shingo za meno, kisha akaufunua ufizi kama mtu anayefunua upindo wa koti. Hapo chini kulikuwa na mizizi yenye ukoga mgumu kama kokwa, na mfupa mwembamba uliolika, umejaa vishimo.

"Angalia hapa, Embla. Mfupa kama sukari iliyolowa. Taratibu, taratibu."

Akaanza kukwangua. Chuma kikalia juu ya jino, na sauti ile ikamwingia Gudveig fuvuni, lakini maumivu hayakuwepo. Kinywani hakuwa na maumivu hata chembe. Bomba lilinyonya mate na damu. Taa ilimwaga mwanga machoni.

Ndipo mgongo ulipolia mara ya pili. Safari hii alisikia kabisa kitu kikikaa juu ya kitu, kama kreti lililopangwa vibaya likiangukia lililo chini yake. Maumivu yakamzunguka mbavuni, yakakutana mbele, yakafunga. Hakuweza kuvuta hewa ila kidogo, kama ya paka.

Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya tumbo lake. Aliuwazia. Daktari alikuwa amesema auinue akisikia maumivu, lakini alisema hivyo juu ya meno. Mkono ulikuwa wa meno. Akiuinua, daktari ataacha ufizi wazi na kuongeza ganzi pasipouma, kisha atauliza, kisha Gudveig atalazimika kueleza kwamba ni mgongo, mgongo ambao hakuusema alipoulizwa. Atamsumbua mtu aliyempokea ingawa alichelewa. Na meno manne yatabaki nusu yamekwanguliwa.

Akakunja ngumi. Mkono ukabaki pale pale.

"Anatoka jasho sana," Embla akasema. "Mama, unaumwa?"

Kinywa kimejaa vyuma, Gudveig akafanya sauti moja ya kukataa.

"Ni woga tu," Falkanger akasema bila kuinua macho. "Watu wa visiwani wanaogopa kimyakimya. Mkono uko chini, tunaendelea."

Wakaendelea. Alikwangua, akaosha, akarudisha ufizi mahali pake na kuushona kwa uzi wa buluu, mshono mmoja kila katikati ya meno mawili. Ilikuwa kazi nzuri. Alirudi nyuma kidogo kuitazama, kama seremala.

"Meno haya utazeeka nayo," akasema. "Amka polepole."

Kiti kikaamka. Gudveig hakuamka nacho. Alibaki nusu njia, ameegemea upande, uso wa rangi ya jivu.

"Gudveig?"

"Mgongo," akasema kwa mdomo uliokufa ganzi. "Samahani."

Falkanger akapima mapigo ya moyo, akamnywesha maji ya sukari, akangoja. Alikuwa na wasiwasi kweli, mtu asimsingizie. Lakini mikono yake mizuri ilisimama hewani karibu na mabega ya mgonjwa, haikujua ishike wapi.

"Hili linabidi daktari wako aliangalie," akasema. "Nitaandika barua."

Åshild alikuwa ameshaingia bila kuitwa. "Daktari wake yupi? Wa wiki mbili zilizopita au zijazo?"

"Nenda naye kwa madaktari wa zamu ya dharura, hapa hapa mjini. Mimi, kisheria, naishia hapa," akajigusa kidevuni. "Samahani, mama. Si mimi niliyeugawa mwili."

Kwenye zamu ya dharura nesi alimtazama Gudveig kupitia kioo, akaona kidevu chenye damu iliyokauka na mdomo uliovimba.

"Amepasuliwa fizi leo? Damu baada ya upasuaji wa meno ni ya kliniki ya meno."

"Siyo mdomo, ni mgongo!" Åshild akapiga kioo kwa pete. "Mdomo uache! Fikiria hana mdomo!"

"Ameanguka?"

"Hakuanguka."

"Amegongwa na kitu?"

Åshild akasita. Akakumbuka ukingo wa kivuko.

"Gari lilirukaruka kidogo," akasema.

"Maumivu yalianza lini?"

"Krismasi," Gudveig akajibu mwenyewe, kwa sababu alikuwa mkweli.

Nesi akaweka kalamu chini. Maumivu ya tangu Krismasi hayakuwa dharura. Anatibiwa alikoandikishwa, yaani kisiwani. Kuna kivuko cha jioni, wakiwahi watakipata. Kwa kumwonea huruma akampitishia vidonge viwili vya maumivu chini ya kioo, vya aina ile ile aliyokuwa nayo kwenye mkoba.

"Hamuoni haya nyie?" Åshild akasema.

"Wifi, twende," Gudveig akasema. "Watu wana kazi zao."

Garini Åshild aliendesha kama amebeba mayai. Walipofika gatini akashuka, akamwendea yule mwenye koti la njano, akamwambia ashushe mlango mpaka chini kabisa, chini kabisa, na asimamishe magari mengine nyuma. Yule bwana akataka kutania, akamwona Gudveig kwenye kioo, akafanya alivyoambiwa.

"Ningesubiri asubuhi mlango ushuke," Åshild akasema walipokwisha egesha.

"Tungekosa zamu."

"Tungekosa, ndiyo."

"Si kitu," Gudveig akasema.

"Gudveig, nakuomba. Usiseme tena hilo neno mbele yangu."

Hakulisema tena njia nzima.

Picha ya mgongo ilipigwa baada ya Pasaka, alipokuja daktari wa kushikiza mwanamke aliyemwambia avue blauzi. Pingili tatu zilikuwa zimebonyea. Ya nne ikabonyea kabla sindano haijaanzishwa tena, alipokuwa anavuta soksi. Gudveig amepungua urefu kiasi cha upana wa kiganja, na mbavu zake zimekalia nyonga. Pafu halina mahali pa kutanuka. Kiwanda kilimwandikia kumshukuru kwa miaka yote, na alipewa pensheni ya ulemavu baada ya kukataliwa mara moja. Tarehe kumi na saba Mei bendi ilitumia redio kwenye jiwe. Mwaka uliofuata waliungana na bendi ya kisiwa cha jirani, ambayo ina mpiga tarumbeta wake.

Åshild aliuza gari. Alipeleka malalamiko, na jibu lilikuja baada ya mwaka na miezi: kliniki ilifuata taratibu za kliniki, manispaa ilifuata za manispaa, na zamu ya dharura ilimpima mgonjwa kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe. Bado hapandi kivuko kile. Akitaka kwenda mjini anazunguka kwa boti ya kaskazini. Ndara ni bingwa wa ngozi huko kwao. Turi alistaafu, wakamkatia keki. Embla aliacha kazi ya meno, anauza maua. Mwenye koti la njano yupo.

Fizi zilipona bila kasoro. Daktari Falkanger alizipiga picha Gudveig aliporudishwa kwa uchunguzi, amelazwa kwenye machela, naye huzionyesha kila mwaka anapowafundisha vijana namna ya kupasua fizi za watu wenye mifupa myepesi. Vijana husogea karibu na ukuta kutazama. Picha ni kubwa na safi, meno manne yamekaa imara, ufizi una rangi ya waridi. Aliikata mwenyewe pembeni, ili isionekane pua wala kidevu.